Kununua gari kuukuu linalovuja maji ya rejeta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba na malipo ya minada yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, simu yangu haitulii. Ndugu, majirani na watu nisiowafahamu hunipigia kuniuliza kuhusu gari fulani ambalo dalali amewaonesha, gari ambalo bei yake ni nzuri, rangi yake bado inang'aa, na kasoro yake ni moja tu: linapungua maji. Mimi si fundi. Nimenunua magari kuukuu manne, mawili yakanitunza na mawili yakanila, na mojawapo ya hayo yaliyonila lilikuwa likidondosha maji siku ileile nilipoliona kwa mara ya kwanza. Majibu yafuatayo ndiyo ninayoyatoa kwenye simu, ila hapa nimeyapanga kwa utulivu zaidi.

Gari likivuja maji ya rejeta, je, hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kuliacha?

Hapana. Mpira wa rejeta uliochakaa ni kasoro ndogo, hubadilishwa kwa saa moja, na kuliacha gari zuri kwa ajili ya mpira ni hasara. Jambo la kuchunguza ni kama injini iliwahi kufanya kazi bila maji, kwa muda gani, na joto liliiachia madhara gani. Injini ya gari dogo kama Toyota IST, Raum au Vitz huzungusha takriban lita tano tu za maji. Yakipungua lita mbili katika safari ya Masasi na dereva akaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu anataka kufika kabla ya giza, hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, inaweza kupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni, nayo gasketi iliyo chini yake ikashindwa kuziba. Baada ya hapo muuzaji anaweza kubadilisha mpira, akajaza maji, akaosha injini, na gari likaonekana zima kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo unapokagua gari la namna hiyo, tone lililo chini ni mlango tu wa kuingilia. Unachokitafuta kiko ndani.

Kulanti ni nini hasa, na kwa nini watu wengi hutumia maji ya kawaida?

Kulanti ni maji yaliyochanganywa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli pamoja na viungo vya kuzuia kutu. Kwa kawaida mchanganyiko huwa nusu kwa nusu. Huku kwetu hakuna barafu, kwa hiyo watu hudhani kwamba dawa hiyo ni ya nchi za baridi. Kazi mbili zinabaki hata katika joto la Mtwara: inainua kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 100 za maji matupu, na inailinda aluminiamu, chuma na pampu visiliwe. Kifuniko cha rejeta nacho husaidia, kwa kuwa hufunga mfumo mzima chini ya shinikizo, na shinikizo hilo huinua kiwango cha kuchemka zaidi. Ndiyo maana kifuniko kilicholegea, ambacho ni kitu cha bei ndogo, kinaweza kuichemsha injini isiyo na ugonjwa mwingine wowote.

Watu hutumia maji ya kawaida kwa sababu gari linavuja, na hakuna anayependa kununua kulanti ili imwagike barabarani. Huanza kama suluhisho la siku moja, kisha linageuka desturi. Tatizo letu la pwani ni kwamba maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi hiyo hujenga magamba ndani ya rejeta na kuharakisha kutu. Wenyeji wa Newala na Tandahimba, ambao kwa miaka mingi wamekinga maji ya mvua kwenye matangi kwa sababu uwanda wa Makonde una shida ya maji, bila kujua huzitendea rejeta zao wema kuliko sisi wa mjini. Hata hivyo maji ya mvua hayana kizuia kutu.

Kwa mnunuzi, rangi ya maji ni historia ya gari. Ukifungua rejeta iliyopoa ukakuta maji mekundu, ya kijani au ya waridi yaliyo safi, mwenye gari alijali. Ukikuta maji ya rangi ya udongo yenye vijiganda vya kutu, ujue kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiongeza maji tu. Tahadhari moja: kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Ikidondoka uani, ioshe kwa maji mengi mara moja, kwa sababu mtoto, mbwa au mbuzi anaweza kuilamba.

Niende kuliangalia gari saa ngapi?

Asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ombi hili ni dogo lakini lina uzito kuliko maswali kumi utakayomuuliza. Injini iliyopoa hukuruhusu kufungua kifuniko cha rejeta bila kuungua, huonesha matone yaliyodondoka usiku mzima, na haiwezi kuficha ugumu wa kuwaka. Ukifika, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, uliza kwa upole kwa nini, kisha omba kurudi kesho yake.

Mimi sikufanya hivyo. Gari nililolinunua lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, injini inanguruma, milango yote minne wazi, redio imewashwa, na muuzaji akanikaribisha niingie nisikie kiyoyozi kinavyopuliza. Nilisikia kiyoyozi. Mchanga chini ya gari ulikuwa umefagiliwa upya, mistari ya ufagio ikionekana dhahiri, na nikauchukulia kuwa ni usafi. Baada ya wiki mbili, nikipanda mlima wa Newala kutokea upande wa Masasi nikiwa na abiria watatu na magunia mawili nyuma, taa nyekundu ikawaka na mvuke ukatoka kwenye boneti. Fundi aliyefungua hedi siku chache baadaye alinionesha kwa ncha ya bisibisi mahali gasketi ilipoliwa, akasema: "Kaka, hii haikuanza kwako."

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Anza kwa kuhakikisha kwamba kweli ni maji ya rejeta. Gari lenye kiyoyozi hudondosha maji safi upande wa abiria, hasa siku za joto na unyevu kama zetu, na wapo watu waliokimbia gari zima kwa sababu hiyo. Chovya kidole: maji ya kiyoyozi hayana rangi, harufu wala utelezi. Kulanti huwa na rangi, huteleza kidogo kati ya vidole, na hunukia utamutamu. Usiionje.

Kisha fuata madoa. Kulanti ikikauka huacha alama nyeupe, ya waridi au ya kijani, na alama hiyo husema ukweli hata baada ya tone kuacha kudondoka. Tazama miunganiko ya mipira ya juu na ya chini, tazama mshono ambapo tenki la plastiki la rejeta hubanwa kwenye sehemu ya aluminiamu, kwa kuwa plastiki ikizeeka hupasuka hapo, kisha angalia chini ya pampu ya maji, ambayo huwa na tundu dogo linalotoa maji wakati sili yake imechoka. Kwa magari yaliyolala miaka mingi karibu na bahari, kama yale ya Shangani, Mikindani na Lindi mjini, pitisha kidole taratibu kwenye mapezi ya rejeta; yakimeng'enyeka kama biskuti, chumvi imekwisha kufanya kazi yake na rejeta hiyo haina maisha.

Usisahau ndani ya gari. Zulia lililolowa mbele ya kiti cha abiria pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele ni dalili za rejeta ndogo ya hita kuvuja. Kwa kuwa sisi hatutumii hita, mafundi wengi huunganisha mipira yake miwili ili maji yasifike huko kabisa. Huo si uharibifu mkubwa, ila ukiuona, uliza ulifanywa lini na kwa nini.

Mwisho kuna uvujaji usioonekana popote: maji yanapungua, chini ni kukavu, mipira ni mizima. Huo ndio unaonitia hofu kuliko yote, kwa maana maji huenda yanaingia ndani ya injini na kuchomwa.

Dalili za gasketi ya hedi iliyoungua ni zipi?

Gari likiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili na ufungue kifuniko cha kujazia oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka kuwa kama chai ya maziwa iliyoganda. Utando mwembamba chini ya kifuniko pekee unaweza kuwa unyevu wa gari linalotembea safari fupifupi, kwa hiyo hukumu kwa kijiti. Halafu tazama maji ya rejeta: mafuta yanayoelea juu yake ni habari mbaya.

Sasa fungua kifuniko cha rejeta, hakikisha maji yamejaa, mwambie muuzaji awashe, nawe simama pembeni utazame. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyobaki kwenye mfumo. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka kila injini inapokanyagwa, au maji yanayorushwa nje ya mdomo wa rejeta, yanaonesha kwamba moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye njia ya maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kama mbao ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto la kuweza kujenga shinikizo hilo.

Ekzosi nayo hutoa ushahidi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, unaoendelea hata injini ikiwa na moto, si wa kawaida.

Hata hivyo gari linaweza kupita ukaguzi wote huo na bado likawa na kasoro, kwa sababu gasketi nyingine hufunguka tu injini ikiwa na mzigo. Ndiyo maana nashauri umlipe fundi mwenye pampu ya kupimia shinikizo. Kifaa hicho hufungwa mahali pa kifuniko, hujazwa upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, kisha huachwa kwa dakika 15 hivi. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali fulani. Kipo pia kipimo cha kimiminika cha buluu ambacho hugeuka njano kinapokutana na gesi ya moshi kwenye rejeta. Si kila gereji ina vifaa hivi, na mara nyingine utalazimika kuulizia gereji tatu au nne za mjini kabla ya kuvipata. Gharama ya vipimo ni ndogo sana ukiilinganisha na kufungua hedi, kuisawazisha kwenye mashine na kusubiri gasketi itumwe kwa basi kutoka Kariakoo.

Muuzaji anasema thamostati imetolewa kwa sababu ya joto la huku. Je, ni sahihi?

Si sahihi, ingawa desturi hii imeenea na baadhi ya mafundi huitetea kwa moyo wote. Thamostati ni vali inayofunga njia ya maji mpaka injini ipate joto lake la kazi. Kwa Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Isitoshe, katika injini nyingi thamostati hiyohiyo, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Isipokuwepo, sehemu ya maji hukwepa kupozwa, na mlimani gari linaweza kuchemka kuliko awali.

Kwa mnunuzi, kutolewa kwa thamostati ni sawa na kukiri kwamba gari liliwahi kuchemka. Magari kama Vitz na IST hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikiwa umekwenda kilomita kadhaa na taa hiyo bado inawaka, thamostati huenda haipo au imekwama wazi. Feni iliyounganishwa moja kwa moja ili izunguke wakati wote ni dalili ya familia hiyohiyo.

Je, dawa ya kuziba rejeta inaweza kumaliza tatizo?

Inaweza kukufikisha nyumbani. Dawa hizo, na ndugu zake wa kienyeji kama ute wa yai, haziwezi kutofautisha tundu la kuvuja na njia nyembamba ya rejeta iliyo nzima. Ukiona uji au chembechembe zilizoganda kwenye mdomo wa rejeta au ndani ya chupa ya akiba ya maji ya rejeta, hesabu kwamba utahitaji rejeta nyingine, na upunguze bei kwa kiasi hicho.

Gari nilijaribie wapi, na kwa muda gani?

Kuzunguka mtaa mmoja hakutoshi. Kwa aliye Mtwara mjini, kwenda Mikindani na kurudi kunatosha kuipa injini joto kamili, na ukiweza upite penye kilima huku kiyoyozi kimewashwa na watu wamejaa. Kwa aliye Lindi, njia ya kuelekea Mingoyo hufaa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuliacha gari likiwa limesimama, injini ikinguruma, kwa dakika 20 baada ya kurudi, kwa sababu barabarani upepo hupoza rejeta, lakini gari likisimama kazi yote huangukia feni. Sikiliza feni ikiwaka na kuzima. Kisha zima injini, uiache ipoe kabisa, hata kama ni saa mbili, ndipo ufungue kifuniko na kutazama kama maji yamepungua. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto kwa hali yoyote, hata kwa kitambaa. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka usoni.

Nipunguze bei kwa kiasi gani?

Pata kwanza bei ya fundi kwa maandishi, kutoka kwa mafundi wawili wasiofahamiana. Halafu hesabu kwa hali mbaya. Tuseme, kwa mfano tu, gari linauzwa shilingi milioni 6, na fundi amesema mipira na kifuniko vitagharimu laki 1 na nusu, lakini iwapo hedi itahitaji kufunguliwa gharama itafika milioni 1 na laki 2. Muuzaji atakupunguzia laki 1 na nusu kwa furaha, kwa kuwa hiyo ndiyo kasoro anayokiri. Kama vipimo vya shinikizo na moshi vimefanyika na gari limefaulu, ikubali. Kama amekataa vipimo, toa bei iliyopunguzwa milioni 1 na laki 2, au ondoka. Usikubali njia ya kati, maana gasketi haiungui nusu.

Kama unaweza kusubiri, subiri. Wakati wa minada madalali wanajua kwamba fedha ipo na hawashuki kirahisi. Kuanzia Machi hivi, ada za shule zikiwa zimelipwa na mifuko ikiwa mitupu, gari lilelile huzungumzika.

Anayeuza ni mjomba wangu. Nitaombaje vipimo bila kumvunjia heshima?

Swali hili huulizwa zaidi ya linavyostahili kuchekwa, na huku kwetu, ambako mjomba ana neno kubwa katika ukoo, ni gumu kweli. Ushauri wangu ni kumpeleka fundi awe yeye ndiye msumbufu. Mwambie: "Shikamoo mjomba, mimi gari lako sina shaka nalo, ila fundi wangu hakubali kulihudumia bila kulipima mwenyewe." Mjomba mwenye gari zima hatachukia. Akichukia, jibu umelipata bila kulipa fundi.

Mkataba uandikwe nini?

Kasoro inayofahamika itajwe kwa jina lake, pamoja na tarehe, kilomita zilizosomeka na nani atalipia nini. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ya gari ni la anayekuuzia, namba ya chesesi inalingana, faini za trafiki zimelipwa, na umiliki unahamishwa TRA badala ya kuachwa "tutafanya baadaye".

Ni gari lipi nisilinunue hata kwa bei ya kutupwa?

Lile lenye oili ya rangi ya maziwa, lile linalopoteza maji bila kuonesha yanakokwenda, na lile ambalo mwenyewe hataki liguswe likiwa baridi. Yupo fundi anayeweza kulifufua gari la namna hiyo na akapata faida, kwa sababu kazi ni ya mikono yake mwenyewe na spea anazijua. Wewe utalipia kila bolti.

Nimekwisha kulinunua. Nianzie wapi?

Badilisha mipira yote, kifuniko na thamostati kwa pamoja hata kama ni mmoja tu uliokuwa unavuja, kwa kuwa vyote vina umri mmoja. Safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, jaza kulanti inayofaa gari hilo, na fundi atoe hewa yote kwenye mfumo kabla ya kukukabidhi. Kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, penye usawa wa maji ya asubuhi. Kwa mwezi mzima, kabla ya kuwasha, fungua boneti na utazame mstari huo. Safari ya kwanza ya mbali iwe Lindi, si Newala, na ubebe dumu la lita tano.